Tulivyokwenda na biriani yetu kwenye karamu ya wawindaji

Wakuu, salaam aleikum, na habari za weekend.

Hapa hakuna chai. Haya yalinikuta mimi mwenyewe mwezi uliopita, na hadi leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimeshika kichwa. Nitaandika polepole maana naona haya. Mkinicheka nimestahili.

Mimi ni mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Familia yetu na nyingine chache tuna ranchi ndogo ya ng'ombe ng'ambo, upande wa bara. Kwenye mikutano wananituma mimi kwa sababu nilisoma kidogo na nina mdomo.

Hilo la mdomo likumbukeni.

Majirani wa ranchi ni kijiji cha Waaweer. Wengi wetu tunawaita Waboni, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Ni wawindaji tangu enzi za mababu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini zamani, lakini msitu bado ndio ghala lao, na asali wanayorina huko ndiyo inayowaendeshea maisha.

Na ni Waislamu kama sisi. Wana msikiti wao, wanafunga, wanasali. Hilo nalo likumbukeni.

Ugomvi wetu nao ulikuwa wa muda mrefu. Vijana wao walitega waya karibu na ziwa tunakonyweshea ng'ombe wapate paa, waya ukamkamata ndama wetu mguu. Sisi tukaita askari wa wanyamapori, vijana wakabebwa. Kisha tukavuta uzio, tukawafungia njia ya kwenda kwenye mizinga yao. Ikawa tukikutana sokoni hatuamkiani.

Sasa serikali ikaja kukusanya maoni kuhusu sheria mpya ya wanyamapori. Kuna kipengele cha kuruhusu baadhi ya wanyama wavunwe kwa nyama ndani ya ranchi, kwa kibali. Sisi tukataka kibali kiwe cha wenye ranchi peke yetu. Wao wakasema apewe aliyezaliwa mwindaji.

Kikao cha kwanza pale Mokowe, mji wa bara, tulirushiana maneno mbele ya maofisa mpaka kikavunjika. Nami nilikuwa mstari wa mbele, naona raha kabisa. Ofisa mmoja akatuambia watarudi mara moja tu. Wakikuta bado tunazozana wataondoka zao, na sheria itaandikwa bila sisi wala wao.

Hapo kila mtu akapoa. Tukaona lazima tupatane kabla hawajarudi.

Simu ikaja kutoka kwa msemaji wao, Bwana Bakari, mtu wa rika langu, mcheshi.

"Nduu yangu, kuyani huku kwetu. Tule kwanda, kisha tutete."

Yaani njooni, tule kwanza, kisha tuzungumze. Wasiojua mambo ya kwetu, niwaeleze. Mkishakaa sinia moja, mikono yenu ikakutana kwenye wali mmoja, kutukanana baada ya hapo ni kazi ngumu. Yule bwana alijua anachofanya.

Basi nikaipeleka habari kwenye group yetu ya WhatsApp ya ranchi. Tukakubaliana twende watano. Mwenzetu mmoja, Bwana Mohamed, mtu mzima mwenye ng'ombe wengi kutushinda sote, akaandika:

"Nyama yao tutaila? Wale watu wa mwituni. Utajuaje mnyama ametindwa au amefia kwenye waya?"

Kutinda ndiyo kuchinja kwetu. Na mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, haliwi.

Hakuna aliyempinga. Mimi nilijua wale watu wanachinja kama tunavyochinja sisi. Nimewahi kusali nao safu moja, bega kwa bega. Lakini badala ya kusema hivyo, mwenye mdomo nikaandika, "Msijali, hilo niachieni mimi."

Wakanipigia dole gumba.

Nikamwambia mke wangu apike biriani ya mbuzi, aipakue kwenye hotpot tano ndogo. Akaniangalia.

"Mumealikwa, na mwenda na zakula zenu?"

Nikamjibu hayo ni mambo ya mkutano, hawezi kuyaelewa. Wakuu, yeye ndiye aliyeelewa peke yake.

Tukavuka na boti, ng'ambo tukachukua boda mpaka kijijini. Kabla hata ya kushuka tulisikia harufu ya pilau. Walikuwa wamefagia uwanja, wamepiga turubai, mikeka imetandikwa. Watoto wamevalishwa kanzu za Idi. Ukiona vile unajua watu wamekusubiri kwa moyo.

Nami nimekumbatia kikapu.

Dada yake Bwana Bakari, Bi Mwanaisha, akaja kunipokea mzigo. Nikadanganya pale pale, tena kwa tabasamu: "Tumewaletea kizawadi kutoka Siyu."

Akafunua kikapu. Akatazama ndani, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Ahsanteni. Ni tano. Na nyinyi mu watano."

Hakupandisha sauti.

Nikageuza uso kutafuta pa kuangalia, nikamwona Maalim Shee anatoka upande wa msikiti. Huyu ni mwalimu wangu wa madrasa, mtu wa Siyu, ndiye aliyenifundisha alifu. Nikashangaa amefuata nini huku. Mikono ya kanzu ilikuwa bado imekunjwa.

Bwana Bakari akaniona ninavyoshangaa.

"Sisi hatufugi mbuzi," akasema. "Huyu wa pilau tumemnunua. Na twalijua mtatia shaka na mkono wetu. Basi tukamuomba Maalim avuke, atutindie yeye, mle na nyoyo zenu zimetulia."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sikuaibika kwa kukamatwa tu. Kilichoniua ni kwamba walikuwa wanajua. Siku zote wanajua tunavyowafikiria. Sisi tukiwa kwenye group tunawajadili, wao walikuwa wamekaa wanapanga watuondoleeje wasiwasi, mpaka wakakubali kumwita mtu wa nje ashike kisu nyumbani kwao, wakati wana watu wao wanaojua kuchinja. Walijishusha kiasi hicho, nasi bado tukaja na kikapu.

Maalim akauliza, "Mna nini humo?"

"Biriani, Maalim."

"Ya nani?"

Nikamwangalia Bwana Mohamed. Alikuwa anaangalia makubadhi yake. Wengine wote nao ghafla wakawa na shughuli na simu zao.

Nikasema, "Yetu. Tuliogopa kula nyama yao."

Sauti ilitoka ndogo, nikajiona nimerudi madrasa sijahifadhi sura. Maalim akasema "Astaghfirullah" na kwenda kunawa mikono. Angenichapa bakora mbele za watu ningeona amenihurumia.

Vijana wawili wa kijiji wakainuka na kuondoka. Wale wale waliowahi kubebwa na askari. Nikajua basi, mkutano umekufa, na maofisa wakirudi watatukuta palepale. Na aliyeuua ni mimi, kabla hatujakaa.

Bwana Bakari akamwambia dada yake amimine biriani yetu yote kwenye sinia, kando ya pilau yao. Akaketi, akakunja mkono wa kanzu, akasema "Bismillahi" kwa sauti ya kusikika na wote.

Akaanza na biriani yetu.

Hakuuliza kachinja nani.

Akasogea kidogo, akapapasa mkeka. "Karibuni, chakula kitapoa."

Tukala. Sikumbuki ladha ya chochote. Nakumbuka tu nilikuwa natafuna na kumeza huku nimeinamisha uso.

Mazungumzo yenyewe yalikwenda haraka kuliko nilivyotegemea, maana upande wetu hakuna aliyekuwa na uso wa kubisha. Tukakubali kufungua mlango kwenye uzio ili wapite kwenda kurina asali. Bwana Mohamed, huyo huyo, ndiye aliyesema ufunguo ukae kwao. Wao wakakubali kung'oa mitego yote ya waya karibu na ziwa, na vijana wao wazunguke malishoni pamoja na wachungaji wetu.

Na kibali tukasema kiwe cha pamoja: ardhi yetu, wawindaji wao, asije mgeni na bunduki yake kutuvunia sote.

Siku ya maoni Mokowe wenzangu wakanitaka niseme mimi. Nikakataa. Akasema Bwana Bakari kwa niaba ya ranchi na kijiji, mimi nikasimama nyuma yake kimya. Kama yataingia kwenye sheria, sijui. Ila kikao hakikuvunjika.

Nilichojifunza? Mimi nilikuwa nadhani mwenye dharau ni yule anayetukana. Kumbe unaweza kumdharau mtu kwa adabu zote, na kikapu mkononi, huku unatabasamu.

Sijamaliza. Wiki iliyopita boti ilileta mzigo wangu Siyu. Kufungua, ni kile kikapu. Hotpot zote tano zimeoshwa zinang'aa, kila moja imejaa asali ya msituni. Nahodha akasema Bi Mwanaisha ametuma na salamu zake:

"Mwambie awape wenziwe wale bila shaka. Hii haitindwi."

Wenzangu nimewapelekea zao, na salamu nimewafikishia neno kwa neno. Ya kwangu bado iko jikoni. Mke wangu kila asubuhi ananiuliza mbona siigusi, nami namwambia nitaila kesho.

Wakuu, nyinyi mngeila? Semeni tu, hata mkinisema vibaya nitasoma zote.