Fundi Sindano na Gari Lililokonyeza Vibaya

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni sindano. Nilikuwa na miaka sita, mama amenipeleka gereji kumsalimia mdogo wake. Mama mdogo alipoinama kunikumbatia, mama akamwahi: "Chomoa hizo kwanza, utamtoboa mtoto." Kwenye ukosi wa ovaroli yake zilikuwa sindano saba, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nikadhani mafundi wote wa magari huvaa hivyo. Mwaka huu nimemaliza chuo, magereji nimeyaona mengi, na wa pili wake sijamwona.

Pale gereji wanamwita Fundi Sindano. Mgeni akisikia jina hilo hufikiri ni fundi cherehani aliyepotea njia, na hakosei sana. Mama mdogo aliingia gereji ile kushona viti. Miaka kumi na mmoja alikaa kona ya nyuma na cherehani yake, akivisha viti vya mabasi na magari madogo. Lakini chini ya viti hupita nyaya, na kila taa ilipokataa kuwaka baada ya kiti kurudishwa, lawama ilikuwa yake: sindano yake imekata waya.

Alichoka kusingiziwa. Akaanza kuzifuata nyaya mwenyewe, kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, ili aonyeshe kwamba si yeye aliyeharibu. Katika kujitetea kwake akawa anagundua ubaya uko wapi hasa. Fundi umeme wa pale alipohama, hakuna aliyetangaza nafasi. Watu walianza tu kumpelekea magari.

Ushonaji hakuuacha, aliuhamishia kazini. Nyaya za gari jipya hutofautiana rangi, lakini za gari kuukuu zote huishia kuwa na rangi moja, ya vumbi na moshi. Kwa hiyo yeye huchukua kitambaa cheupe, ukubwa wa leso, akadarizi humo njia za umeme za gari zima: uzi mwekundu kwa breki, wa kijani kwa indiketa, fundo dogo kila nyaya zinapoungana. Anavyo vitambaa thelathini na nane ndani ya kopo la biskuti. Na zile sindano za ukosini ni za kupimia. Huichoma moja kwenye waya, akaigusisha taa ndogo ya kupimia. Umeme ukiwapo, taa inawaka, bila haja ya kuukata waya.

Jumatano ya wiki hii Mwalimu alileta gari. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, jirani yetu wa mtaa wa pili, na gari lenyewe si lake, ni la mama yake. Mama huyo alikuwa mkunga. Alilinunua kwa mshahara wake na kulitumia zaidi ya miaka ishirini kuwafuata wajawazito majumbani. Sasa ana miaka themanini na miwili, na kwa miaka saba amekuwa akiishi kwa binti yake, mji mwingine. Jumamosi anarudi kwa treni kuja kukaa na mwanawe, na kwenye simu alitoa sharti moja: apokewe na gari lake, teksi hapandi.

Gari lilikuwa limelala bandani miaka yote hiyo. Mwalimu alitumia miezi minne kulipiga msasa na kulipaka rangi kwa mkono wake, rangi ileile ya maziwa. Injini ilikubali. Kilichobaki ni ukaguzi wa Ijumaa, saa tisa alasiri. Bila cheti cha ukaguzi gari haliingii barabarani, na indiketa zilikuwa zimegoma.

"Zimegomaje?" mama mdogo akauliza.

"Nikiwasha ya kushoto, ya nyuma inawaka kwa unyonge na haipepesi. Nikikanyaga breki, indiketa ya mbele inaamka. Mafundi watatu wamelishika. Wamebadilisha balbu, wamebadilisha flasha inayozipepesa, wa mwisho akasema gari limezeeka, linakonyeza linapotaka."

"Mafundi watatu, na hakuna aliyekaa chini?"

"Wote walikuwa na haraka, Fundi."

Yeye alikaa chini. Jumatano nzima hakufungua hata skrubu moja. Alitazama nyaya zinapopita, akadarizi. Alhamisi alizifuata nyaya kuanzia kwenye swichi ya usukani, na chini ya kiti cha dereva akakuta kiungo kilichofungwa kwa plasta ya kidonda, ngozi ya waya imepasuka pande zote. Akakata, akaunga upya, akatabasamu. Saa kumi na moja jioni akamwita Mwalimu awashe.

Indiketa ya nyuma ikawaka kwa unyonge uleule.

Jirani yake wa gereji, fundi wa gia aitwaye Gia Nne, alikuwa anafuta mikono. "Dada, nina mapazia nyumbani yamechanika. Nikuletee kesho?"

"Lete, kaka yangu. Na ile gia ya basi uliyoifunga kinyumenyume, ilete pia, niishone."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini nyumbani, ninakokaa naye tangu nimalize chuo, hakupumzika. Mezani alikitandaza kile kitambaa, akakitazama hadi chai ikapoa. Nilimwuliza kama anaogopa kushindwa.

"Kushindwa nimezoea, mwanangu," akasema. "Huyu bibi amesafirishwa na gari hili maisha yake yote. Ashuke kwenye treni akute teksi, kwa sababu mimi sikuona kitu?"

Ijumaa asubuhi alifika gereji na wazo moja. Siku mbili alikuwa amezifuata nyaya zinazopeleka umeme. Hakufuata njia inayourudisha. Kwenye gari kama lile, umeme ukishapita kwenye taa hurudi kwenye betri kupitia bodi yenyewe, chuma kwa chuma. Akachukua waya mrefu, ncha moja akaifunga kwenye upande hasi wa betri, nyingine akaigusisha kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu ya nyuma.

"Washa, Mwalimu."

Taa ikawaka kwa nguvu, ikaanza kupepesa, tika, tika, tika. Akauondoa waya, ikanyong'onyea. Akaurudisha, ikachangamka. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akamwita Mwalimu aje nyuma.

"Hii rangi umeipaka vizuri sana," akamwambia.

"Nashukuru."

"Umeipaka hata mahali taa inapokaa kwenye bodi. Hata chini ya skrubu. Umeme unafika, unaangaza kidogo, unatafuta pa kurudia, unakuta umepaka rangi mlangoni. Unazungukia kwenye taa ya breki. Ndiyo maana zinaingiliana."

Mwalimu akainama kuitazama skrubu. Mafundi watatu walikuwa wamelishika gari lile, na kosa lilikuwa la mkono wake.

"Nataka kukwangua," mama mdogo akasema. "Duara dogo, kama sarafu. Kila taa moja."

"Rangi hii nimeipiga tabaka tano."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, siyo nakwangua tu."

Mwalimu akaitazama ile rangi ya maziwa, akaitazama saa. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe msasa. Nimeipaka mimi, nitaitoa mimi."

Akachuchumaa na suruali yake iliyopigwa pasi, akasugua hadi chuma kikang'aa. Mama mdogo akarudisha taa na skrubu mpya, moja baada ya nyingine. Nyaya zilizokuwa zinaning'inia akazifunga pamoja kwa uzi wa nta, mshono wa mkono, fundo kila baada ya vidole vinne. Saa nane indiketa zote nne zilikuwa zinapepesa sawasawa. Gia Nne alizunguka gari mara mbili, akaondoka bila kutaja mapazia.

Kwenye ukaguzi nilikuwapo. Mkaguzi aliwasha kushoto, akawasha kulia, akakanyaga breki. Akalala chini na tochi, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Alipoinuka alimwuliza Mwalimu nani kazifunga nyaya hizi, kwa sababu hata magari mapya hayaji hivi. Mwalimu akageuka, akamwonyesha mama mdogo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemtambulisha mgeni rasmi. Mkaguzi akampa mkono, kisha akapiga mhuri.

Ninaandika haya jioni hiyohiyo ya Ijumaa. Mwalimu ametuambia kwamba kesho kiti cha mbele ni cha mama yake, na cha nyuma ni chetu. Mama mdogo amepiga pasi gauni lake la bluu, kisha akalipiga tena. Ameniuliza mara tatu treni inaingia saa ngapi, nami mara tatu nimemjibu: saa tatu na robo. Sasa anataka tutoke saa moja.