Hélène na Ndege ya Vifurushi

Mnanichosha. Kila Jumapili baada ya ibada ni "Bibi, tuandikie habari ya Hélène na ndege," kana kwamba kalamu kwangu ni kijiko. Haya, kaeni. Nitaandika mara moja tu, na atakayesema nimekosea herufi aandike yake.

Hélène ni fundi cherehani wa Rockey Street, hapa Yeoville, Johannesburg, mwanamke wa Lubumbashi kule Kongo aliyejaaliwa mwili na sauti. Miaka yote magauni yake yalisafiri kuliko yeye. Yalikwenda kwao kwa basi, yakilala mipakani, yakifika yamekunjamana na kunuka samaki wa mtu mwingine. Ndipo akaja Festus, Mkenya aliyeacha kazi nzuri ya benki akanunua ndege kuukuu yenye injini moja puani, akaiita Mbayuwayu. Watu walimcheka. Mkewe mwenyewe alimwuliza kama anaumwa. Lakini Hélène alimpa furushi la magauni, na jioni ile ile mteja akatuma picha kutoka Lubumbashi amelivaa la kwake, halina hata kunyanzi. Yeoville nzima ikageuka. Dawa, wigi, spea za magari, vyote vikaruka na Festus kila Ijumaa. Vifurushi vikamnenepesha, akapata kibali cha kubeba na watu, akafunga viti vichache katikati ya mizigo.

Kiti cha kwanza alikitaka Hélène. Binti yake Tabia alikuwa anaolewa Jumamosi kule Lubumbashi, na kwao bibi harusi huvalishwa na mama. Mama asipokuwepo, kazi anaishika shangazi, na shangazi wa Tabia ni mtu wa kutangaza.

"Akimvalisha yule," Hélène alisema huku akikata uzi kwa meno, "nitasikia habari yake mpaka kaburini."

Shida ni kwamba kila abiria aliruhusiwa mkoba mmoja mdogo, naye alikuwa na gauni la bibi harusi pamoja na sare za wamama wote wa ukoo. Akafanya tunavyofanya sote kwenye mabasi na ndege kubwa: akavaa. Gauni la Tabia aliliweka mkobani, sare akazivaa moja juu ya nyingine, na vitenge vilivyobaki akavizungusha tumboni. Alifika uwanja wa Lanseria akitembea kama kabati linalohama.

Mkoba ukapimwa, ukapita. Hélène akacheka kimoyomoyo.

"Sasa wewe, mama," Festus akasema. "Panda mizani."

"Mimi? Mimi ni mzigo?"

"Ndege ndogo hii. Kila kinachopanda kinapimwa."

Akapanda, jasho likimtafuta njia kati ya gauni na gauni. Sindano ya mizani ikakimbia kama imefukuzwa.

"Eish, Mama Hélène. Wiki iliyopita hukuwa hivi."

"Nimekula vizuri."

"Umekula duka zima. Umezidi. Punguza nguo, au ubaki."

"Nivue mbele ya wanaume? Sitoki hapa! Shusha vifurushi vyako."

"Vifurushi ndivyo vinavyoilisha hii ndege. Tena havina mdomo."

"Basi nifunge kamba, uniandike Lubumbashi kwenye paji la uso!"

Abiria wenzake walicheka hadi wakashikana. Festus hakutikisika; ndege hiyo haijui utani, alisema, na muda wa kuruka umefika. Hapo Hélène akamwona akilini shangazi mtu, waziwazi, akimfunga Tabia kilemba. Akageukia mizigo, akaliona furushi lake mwenyewe, lile nono: mapazia ya hoteli ya Papa Hénock kule Lubumbashi, kazi ya mwezi mzima. Na Papa Hénock si mtu wa kusubirishwa.

"Lile langu. Lishushe."

"Mapazia ya Papa Hénock? Atakula mtu!"

"Anile mimi, nina nyama. Madirisha hayaolewi."

Likashushwa, hesabu ya uzito ikakubali. Sharp, mambo sawa. Hélène akaruka amebanwa kati ya wigi na spea, mapaa ya Johannesburg chini yake kama vifungo vilivyomwagika, akaimba kwa sauti mpaka Festus akamsihi apumzike. Walipotua Francistown kuweka mafuta aligoma kushuka, asije akapimwa tena.

Lubumbashi, Papa Hénock alikuwa anangoja uwanjani na pikapu yake.

"Mapazia yangu yako wapi?"

"Johannesburg, yanakusalimu. Mimi ndiye niliyefika. Washa gari, Papa, kuna bibi harusi ananingoja."

Akafoka, lakini akawasha.

Nyumbani walimkuta shangazi akimjaribisha Tabia kilemba. Tabia akaruka juu. "Mama! Kusini kumekunenepesha hivi?"

Hélène akaanza kuvua, gauni kwa huyu, gauni kwa yule, vigelegele juu, mpaka ukoo mzima ukapendeza na yeye akarudia umbo lake. Na asubuhi ya Jumamosi alimvalisha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi alipewa pini ashike.

Basi, nimeandika na vidole vinaniuma. Sasa wewe weka karatasi chini, mpigie mama yako, umwulize kama ana gauni la kuvaa harusini linalomtosha. Akisema hana, mlete Rockey Street kwa Hélène. Usimtume peke yake. Njoo naye.