Tumbo la Shangazi

Jiko la shule ile ya bweni lilikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Saa sita kamili mpishi mkuu hujipakulia sahani iliyojaa, huila mbele ya matroni, kisha husubiri. Saa saba kengele ikilia naye yu mzima, watoto mia tatu wanakula. Akiumwa, sufuria zinamwagwa.

Kwa miaka kumi na tisa mpishi huyo alikuwa Shangazi. Hata mwalimu mkuu alimwita hivyo. Alijua chumvi ya chakula kwa kunusa mvuke tu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata: miaka minne sasa tumbo lake lilikuwa likivimba, likinguruma, likimkata, halafu likimkimbiza. Harusini aliketi karibu na mlango. Njiani alijua kila choo kilipo, na kipi hakina komeo.

Daktari alimpima mpaka akachoka. "Hakuna kidonda, mama, wala minyoo. Utumbo wako ni mwepesi wa kukasirika, basi." Akampeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti wa umri wa mwanawe, aliyemweleza kwamba vyakula vingine vina sukari zisizosagika vizuri, zinazoteremka chini na kuchacha. Aviache kwa wiki sita, kisha avirudishe kimoja kimoja, aone kipi hasa ndicho adui. Vitunguu maji, vitunguu saumu, maharage, ngano, maziwa.

"Mwanangu," Shangazi alisema, "hapo umenitajia jiko langu zima."

"Wali upo. Mayai yapo, samaki, karoti. Majani mabichi ya kitunguu kula. Saumu ikaange kwenye mafuta kisha uitoe, harufu itabaki."

Alitii. Siku ya kumi tumbo lilitulia, akalala chali kwa mara ya kwanza tangu hajui lini. Ila tangu siku ya kwanza kulikuwa na sahani ya saa sita. Angemwambiaje matroni? Mpishi asiyeweza kula alichopika ni kama fundi cherehani anayetembea uchi. Na tumbo si ugonjwa wa kutaja mbele za watu. Mwenye mguu mbovu huletewa kiti. Mwenye utumbo mbovu huletewa kicheko. Nani aliyegawa heshima namna hiyo?

Basi akafanya jambo ambalo hata yeye hakulipenda. Kila asubuhi alipika kisufuria kidogo pembeni, bila kitunguu wala maharage, akajipakulia humo. Wiki tatu matroni aliandika daftarini "salama", na wiki tatu watoto walikula chakula ambacho yeye hakukionja.

Jumatano moja matroni aliwahi. Alikuta sahani tupu, akashika upawa mwenyewe, akachota kwenye sufuria kubwa: wali, na juu yake maharage yaliyoungwa kwa vitunguu. "Leo nakuhudumia mimi, Shangazi. Kula, mama."

Angeweza kusema pale pale. Alikula. Alikula mpaka punje ya mwisho, akitabasamu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye aliumbuliwa na choo. Haikufika nusu saa akainuka ghafla, mkono tumboni, akapita mbio katikati ya wapishi. Choo cha jikoni kina mlango wa bati. Kila mtu alisikia.

Alipotoka, jasho likimtiririka, alikuta wanaume wawili wameshabeba sufuria ya kwanza kuelekea shimoni.

"Mwageni!" matroni alisema. "Zote. Watoto watashinda njaa, lakini hawatakufa."

"Acheni," Shangazi alisema. Hawakumsikia. Akasema tena, "Acheni! Chakula hakina kosa. Ni tumbo langu."

Akaeleza yote, kisufuria kikiwemo, huku akiitazama sakafu. Mtu mmoja akacheka puani. Matroni hakucheka.

"Kwa hiyo wiki tatu watoto wa watu wamekula bila kinga? Kwa sababu unaona haya?"

"Ndiyo."

"Ningekuelewa, Shangazi. Tumbo ningelielewa. Hili la pili nashindwa."

Msaidizi wake, jitu waliloliita Tingatinga, alikohoa. "Matroni, mimi... nimeshakula sahani mbili za sufuria hiyo. Tangu saa nne. Na jana pia. Na juzi."

"Umeiba chakula?"

"Nimeonja sana, tuseme."

Sufuria zikarudishwa. Matroni akafungua daftari. Tangu siku hiyo mwonjaji angekuwa Tingatinga. Shangazi angepika tu. "Sababu ya kubadilisha?"

"Andika sababu binafsi, mwanangu. Nakuomba."

"Wakaguzi wanalisoma hili. Nikiandika hivyo watadhani sumu."

Shangazi aligeuka nyuma. Wapishi sita walijifanya wanakatakata karoti.

"Basi andika: utumbo wa mpishi mkuu haupatani na maharage wala vitunguu." Akanyoosha kidole kwenye daftari. "Andika pia kwamba alidanganya wiki tatu."

Matroni aliandika yote mawili, polepole, akamgeuzia daftari. Shangazi alifuta mkono kwenye aproni, mara mbili, ndipo akatia saini. Kengele ikalia. Siku zote yeye ndiye aliyesimama dirishani kupakulia watoto. Leo alimpa Tingatinga upawa, akabaki nyuma ya sufuria akiwa ameinamisha kichwa, mpaka mtoto wa mwisho alipopita na sahani yake.