Foleni ya Kumwona Mume Wangu

Naikumbuka hata leo siku ile, mwanangu, nilipojitwika ndoo ya mahindi kwenda mashineni nikiwa sina shida yoyote ya unga. Nilikwenda kumfumania mume wangu.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara, kila mtu na mradi wake. Baba Fulgensi, mume wangu, alikuwa amepunguzwa kazini, akafungua mashine ya kusaga hapa Lizaboni. Mimi nilifundisha shule ya msingi, jioni nikafundisha tuisheni. Yeye akirudi nimelala, mimi nikitoka amelala. Ndipo jirani akaniambia, tena kwa kunionea huruma, kwamba Mama Agripina, mama mmoja wa mtaani kwetu, humpelekea togwa kila alasiri, wanakunywa wanacheka. Roho iliniuma, usiseme. Mimi mwenye ndoa nilikuwa nimesahau mume wangu anavyocheka, kumbe kicheko kipo, anapewa mwingine mchana kweupe!

Nikapanga foleni, khanga nimejifunika mpaka kwenye nyusi. Mama Agripina alikuwepo, ameketi kwenye benchi na jagi lake. Sikudanganyi, alikuwa mzuri, na hilo lilinichoma zaidi. Zamu yangu ilipofika, mume wangu, mweupe kwa unga mpaka kope, akaniuliza bila kuinua macho kama nakoboa au nasaga dona. Nikaishusha khanga mabegani. Akainua uso, akaniona, akazima mashine.

"Mama Fulgensi, nani amekufa?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia yule mama, yote yakaniishia. Tulikuwa tumefika mahali mume wangu akiniona mchana anawaza msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Nina wivu, Baba Fulgensi. Mtaa mzima unakuona, isipokuwa mimi."

Yeye akakaa juu ya gunia, akajifuta uso. Mama mmoja nyuma yangu akasema niketi tu na mume wangu, wao watasubiri. Mama Agripina akanimiminia togwa. Niliinywa shingo upande, nayo ilikuwa tamu.

Wiki iliyofuata nikaacha tuisheni ya Jumatano, naye siku hiyo akawa anafunga mashine mapema. Tulipungukiwa fedha, ndiyo, na tulinung'unika.

Basi nawe, mwanangu, na mwenzako mnaopishana mlangoni kila mmoja na kazi yake, nisikilize. Wivu ukikushika usiupeleke kwa jirani, wala usimtafute wa kugombana naye. Mpelekee mwenzako, umwambie wazi kwamba humwoni tena. Kisha kila mmoja aache kitu, tena kitu kinachouma kukiacha, maana muda hauji wenyewe. Mama Agripina sijampenda mpaka leo, Mungu anisamehe. Nanyi awajalie mzeeke pamoja, awape muda mwingi mpaka mchokane.