Baada ya kupasuliwa sikio walitaka kunichukulia mutoto. Nilikataa kulala

Wakuu, nawasalimia kutoka Goma. Naandika na hasira, musitafute maneno matamu. Ila uongo hamutaupata.

Sikio langu la kushoto lilikuwa linatoka usaha tangu nikiwa shule ya secondaire. Hospitali wakanipasua. Usaha ukaisha, lakini nikisimama, nyumba inazunguka. Natembea nikishika ukuta.

Jirani huku mtaa wa Mapendo akasema: "Mama Gloire siku hizi anaanza kasiksi asubuhi." Pombe gani, na bandeji iko sikioni?

Mama mukwe akakuja toka Kibumba, akamufunga Gloire mugongoni mwake. Mutoto wa mwaka na nusu.

"Wewe utamuangusha. Lala, usitikise kichwa. Mwisho wa mwezi naenda naye."



Nikalala wiki mbili. Kizunguzungu kikazidi.

Nilirudi hospitali, wakanituma kwa kiné, mwenye kufundisha wagonjwa mazoezi ya mwili, mama mumoja wa Butembo. Akaangalia kidonda, kimepona. Akauliza, "Nani alikuambia ulale? Ubongo unajifunza usawa upya, mama. Kitandani utajifunza nini?"

Basi mazoezi yakaanza: kukazia macho kidole gumba nikigeuza kichwa. Kusimama juu ya mousse laini ya godoro, macho nimefunga. Mara tatu kwa siku. Nilitapika, nikapangusa kinywa, nikaendelea.

Lakini shida yangu ilikuwa kuinama. Wamama munajua: kubeba mutoto lazima uiname, umurushe mugongoni, ufunge kitenge. Hapo ndipo nilikuwa naanguka.

Kiné akasema nianze kufunga mto mugongoni. Halafu kilo mbili za maharagi. Halafu bidon ya maji ya litre tano.

Mama mukwe akacheka mupaka machozi. "Mukazana wangu amezaa bidon."

Nikamujibu, "Na inanyonya vizuri, mama."

Mwisho wa mwezi ukafika, sakoshi ya nguo za Gloire imefungwa. Sikuomba mutu ruhusa. Nikainama, nikamurusha mutoto, nikafunga. Nikatoka barabarani juu ya mawe ya volcan, mahali hata wenye masikio mazima wanajikwaa. Mama mukwe nyuma yangu, mikono wazi, tayari kumudaka.

Nilifika kwenye goudron, pale lami inaanzia, nikageuka, nikarudi.

Alirudi Kibumba peke yake.

Sijapona kabisa. Nikigeuka haraka, bado nayumba. Lakini nayumba na mutoto wangu.

Waliopasuliwa sikio, kabla ya kutoka hospitali ulizeni kiné iko wapi. Mwenye kupitia hii aandike hapa, tusaidiane. Mwenye kutaka kuniambia nilale, apite tu.