Nati Iliyofunguka Mwambani

Kornelio alianguka Yusta akimwangalia. Wote wawili, wenyeji wa Kisanga, walikuwa wamening'inia kwenye kamba, wakibomoa mawe legevu juu ya barabara ya Mikumi.

Kila mmoja alishikiliwa kwenye kamba yake na karabina, pete ya chuma yenye mlango mdogo. Karabina za zamani hazikuwa na kufuli; jiwe likigonga mlango, unafunguka. Baadaye wabunifu wakaongeza nati ya kukaza kwa vidole. Kornelio alikuwa na ya nati, na asubuhi ile Yusta alimwona akiikaza.

Lakini mashine ya kutoboa mwamba ilimtikisa mpaka meno, na nati ikawa inalegea kidogo kidogo. Mlango ukaachia, kamba ikachomoka. Yusta alisikia kishindo, kisha kingine chini zaidi. Aliposhuka alimkuta fuvu limepasuka, damu inachuruzika kuelekea kwenye lami.

Siku ya mazishi, msimamizi wao, Elia, alimwinamia mama wa marehemu.

"Shikamoo, mama Elizabeti. Pole sana. Kijana alisahau kufunga."

Kabla mama hajaitikia, Yusta alishamrukia. Ngumi ilimpasua Elia mdomo. Elia akamkaba koo, akambamiza kwenye udongo wa kaburi. Yusta akapapasa, akapata koleo, akampiga nalo mkononi hadi mfupa ukalia.

"Alifunga!" alipiga kelele wanaume wakimvuta. "Nilimwona kwa macho yangu! Mashine ndiyo iliyofungua!"

Elia alitema jino.

Yusta akawekwa mahabusu Kilosa. Elia alimfuata huko, mkono umefungwa plasta.

"Nimekagua karabina za wenzako baada ya kutoboa," alisema. "Nati nyingi zimelegea. Nimewaambia polisi sina kesi na wewe."

"Polisi wa nini? Kamwambie mama yake."

Akaenda. Mama Elizabeti alimsikiliza hadi mwisho, akamzaba kofi, akamwonyesha njia.

Yusta alipoachiwa, kazini zikaletwa karabina za namna nyingine, zinazojifunga zenyewe kwa springi. Kuzifungua unainua kola, kile kipete kinachozunguka mlango, unaizungusha, ndipo unasukuma mlango. Mtikisiko hauwezi kufanya yote hayo. Yusta alizilaani, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa bado vimevimba tangu ule ugomvi, lakini alirudi mwambani.

Mvua za kwanza zilipokwisha, bonge la jiwe lilikatika juu yake. Likapasua kofia yake ngumu, likamvunja mtulinga, likamtupa ukutani kama gunia. Karabina iligonga mwamba tena na tena. Mlango haukufunguka.

Alibaki akining'inia, damu imemziba macho, akiliita jina la Kornelio.

"Usihangaike," Elia alimwambia kutoka juu. "Nakushusha." Akaanza kuiachia kamba taratibu, akitumia zaidi ule mkono wake mzima.