Geti Nililomchomelea Mama Ziwani

Ukipita mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, ukaona geti ambalo kufuli lake limefichwa ndani ya kisanduku cha chuma, nyundo haifiki, msumeno haufiki, jua hiyo ni kazi yangu au kuna mtu ameniiga. Shule niliachia darasa la sita. Kuchomelea vyuma nilijifunza sokoni Kariokor, karibu na wale washonaji wa viatu vya tairi, kwa kutazama tu. Leo wenye ploti wananipigia simu kabla ya kumwita mchoraji wa nyumba. Nisimamishe mbele ya jengo lolote, nitakuonyesha mwizi atakapopitia: bomba la maji, dirisha la choo, matofali ambayo jirani ameyapanga kando ya ukuta kama ngazi. Sijisifu. Waulize.

Sasa fikiria mtu kama mimi, na mama yake anaishi mtaa wa Ziwani, mjini humo humo, nyuma ya ua wa kayaba, ile miti ya miiba, uliojaa mapengo. Chumba ni kile kile nilichokulia. Kuku alipita, mlevi alipita, kila mtu alipita. Jumapili moja majirani walirudi kutoka kanisani wakakuta wamebebewa mpaka mtungi wa gesi. Kesho yake nilikuwa kwa mama na tepu ya kupimia.

"Mama, naweka geti hapa."

"La kumzuia nani?"

"Wezi."

"Na wasio wezi?"

"Watabisha."

Akanicheka. "Umekuwa mtu wa Lucky Summer kweli. Huku hatubishi, baba. Huku tunaitana."

Niling'oa kayaba yote. Nikasimamisha vyuma vinene, nikavalisha mabati mazito kuanzia chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, na ncha kali juu yake asipande mtu, nikamalizia na geti lenye kisanduku changu. Hakuna jicho lingeingia humo. Mwizi asiyeona kitu hana cha kutamani, hivyo ndivyo nilivyowaambia wateja wote. Mama mmoja anayekaa mkabala, rafiki wa mama tangu mimi ni mtoto, alikuja kusimama na leso yake kiunoni.

"Kijana, mama yako amefungwa miaka mingapi?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mtakuja kuniomba niwafunge na nyinyi."

Wengine walikuja kuniomba kweli. Hilo nalo liandikwe.

Halafu ikaja ile asubuhi ya baridi. Nilikuwa karakana, jua limeshapanda, nikapigiwa simu na huyo huyo mama wa mkabala. "Mama yako haitiki. Tunasikia kama mtu anagonga sufuria humo ndani. Kuja na ufunguo."

Ufunguo mmoja alikuwa nao mama, ndani. Wa pili ulikuwa kwangu nyumbani, kabatini, na mke wangu alikuwa ametoka na kabati amelifunga. Nikachukua grinda, mashine ya kukatia chuma, nikapanda bodaboda.

Nilikuta wanaume wamezunguka geti, wana jiwe na mtaimbo. Rangi ilikuwa imebanduka kidogo tu. Mmoja akanigeukia akihema: "Fundi, hii kitu yako ni ngumu sana." Siku nyingine ningempigia saluti. Siku hiyo niliomba Mungu niwe nimechoma vibaya mahali fulani, hata tone moja. Sikuwa nimechoma vibaya.

Tukavuta waya wa umeme kutoka nyumba ya mkabala. Nikaanza kukata bawaba. Grinda ikipumzika nilisikia sufuria ikigongwa, polepole. Nikaita, "Mama, niko hapa!" Nikakata tena. Nilipozima mara ya pili, sufuria ilikuwa imenyamaza.

Tulimkuta kizingitini mwa chumba chake, nyonga imevunjika, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Jiko lilikuwa limepinduka kando yake, makaa hayajashika moto. Alianguka akilitoa nje kulipokuwa kunapambazuka.

Hospitalini tuliketi kwenye benchi, mimi na huyo mama, tukingoja daktari atoke. Ndipo akaniambia.

"Sisi huku hatuulizani hali kila saa. Tunaangaliana jiko. Likitoka nje, mtu ameamka. Lisipotoka, tunaenda kumwita. Tangu uweke mabati yako, la mama yako hatulioni."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unapima."

Mama alipona, ila sasa anatembea kwa fremu ya kuegemea. Kwangu Lucky Summer amekataa kuja. Anasema hawezi kuzeekea mahali pa kubisha. Nimeyatoa mabati yote ya mbele, nimebakisha nondo wazi, na ufunguo wa tatu uko kwa mama wa mkabala. Kama fundi, nikisimama pale naona kazi iliyoharibiwa. Mwizi anaona mlango, anaona jiko, anaona bibi mzee anayeburuta miguu. Na wezi hawajahama Ziwani. Mwezi uliopita waliingia nyumba ya pili kutoka hapo. Usiku nawaza mabati. Kukicha nawaza jiko.

Kila asubuhi, kabla sijawasha mashine, nampigia simu mama wa mkabala.

"Jiko limetoka?"

"Limetoka, fundi mkuu. Endelea kupima."

Lakini kuna siku anasema, "Ngoja nichungulie," anaiweka simu mezani, nasikia kandambili zake zikielekea mlangoni. Wateja wanaweza kuwa wamejaa karakana. Mimi husimama tu, glavu mkononi, mpaka zirudi.